UZI: Kardinali Martini, mafunjo ya ziwani na mstari ulio kwenye mabano

#1 Mwanzisha uzi (Igombe, Mwanza)

Tumsifu Yesu Kristo, wakuu.

Huu uzi nimeuweka kiporo muda mrefu. Kila ikikaribia tarehe 31 Agosti najiambia safari hii naandika, halafu siku inapita. Ni tarehe aliyofariki Kardinali Carlo Maria Martini, mwaka 2012, akiwa na miaka 85. Huku kwetu wanaomjua ni wachache, na hao wachache wanamkumbuka kama yule askofu mkuu wa Milano aliyekuwa akitajwatajwa kila yalipozungumzwa mambo ya Papa ajaye. Mimi nataka kumzungumzia kama msomi wa Biblia, kwa sababu kazi ya mikono yake imefika hadi kwenye jumuiya yetu ndogondogo ya Kikristo hapa Igombe bila jina lake kutajwa hata mara moja.

Nianze na kilichotokea.

Kwenye jumuiya yetu wanaume huonekana wakati wa mbalamwezi. Aliyekaa mwaloni, pale mitumbwi inapoegeshwa, ananielewa. Dagaa huvuliwa gizani kwa taa, na mwezi ukiwa mkubwa taa haivuti kitu, kwa hiyo mitumbwi inalala nchi kavu. Wiki hiyo ndiyo jumuiya inajaa. Basi Alhamisi moja ya mbalamwezi tulikuwa uani kwa mama mmoja mkaanga samaki, tumekaa kwenye mikeka, tunasoma Injili ya Yohane sura ya 5, habari za yule mtu aliyeugua miaka 38 akiwa kando ya birika. Msomaji alikuwa binti wa kidato cha tatu. Alipofika pale panaposema malaika alishuka akayatibua maji, na aliyetangulia kuingia ndiye aliyepona, akasita. Akasema, "Hapa pana mabano."

Mzee mmoja, mvuvi tangu enzi za karabai, akaomba Biblia aone mwenyewe. Akaisogeza kwenye mwanga wa taa, akapitisha kidole juu ya yale mabano ya mraba, la kufungulia na la kufungia. Kidole chenyewe kina makovu ya nyuzi za nyavu. Kisha akauliza, "Haya kaweka nani?"

Kimya. Katekista akasema huenda ni makosa ya mtambo. Kijana mmoja akasema jirani yake wa dhehebu lingine humwambia kwamba tafsiri mpya zimenyofoa mistari. Mzee akairudisha Biblia taratibu, akasema:

"Mke wangu alilala kitandani miaka sita. Mimi huyu malaika nimemwomba sana. Kama hayumo, niambiwe."

Tulisali, tukafunga, tukatawanyika. Mimi usingizi ulikataa. Jibu la swali la yule mzee nilikuwa nalijua. Nilifundishwa na padri mmoja mhadhiri, miaka yangu ya chuo hapa Mwanza, na yeye ndiye aliyenitajia Martini kwa mara ya kwanza. Nililijua, nikanyamaza, kwa kuogopa kuwakwaza watu. Naandika uzi huu kwa sababu ya ule ukimya wangu.

Nitarudi na sehemu inayofuata.

#2 Mchangiaji, Ukerewe

Milele na milele, Amina. Mkuu usitukatishe hapo. Hata huku kisiwani mabano hayo tumeyaona, tunayaruka tu.

#3 Mwanzisha uzi

Nimerudi. Mniwie radhi, sehemu hii ni ndefu.

Martini alizaliwa Torino, Italia, tarehe 15 Februari 1927. Akiwa na miaka 17 akajiunga na shirika la kitawa la Wajesuiti, na mwaka 1952 akapata upadri. Kazi aliyoichagua ni ile ambayo watu wengi hawajui hata kama ipo: kulinganisha nakala za kale za Agano Jipya, neno kwa neno, herufi kwa herufi, ili kujua waandishi waliandika nini hasa.

Tukumbuke kwamba karatasi aliyoiandika Luka kwa mkono wake hatunayo. Tulichonacho ni nakala za nakala. Kabla ya mitambo ya kuchapa, Injili ilinakiliwa kwa mkono kwa zaidi ya miaka 1,300, na kila mnakili ni binadamu. Mmoja anaruka mstari, mwingine anarudia neno. Wa tatu, kwa nia njema kabisa, anaandika maelezo pembeni ili msomaji aelewe, na anayenakili baada yake anadhani maelezo yale ni sehemu ya Injili, anayaingiza ndani.

Sasa, kati ya nakala kongwe zenye Biblia karibu nzima iko moja ya karne ya 4, inaitwa Vatikano kwa kuwa inatunzwa kwenye Maktaba ya Vatikani. Ni safi sana, na usafi huo ndio uliowatia baadhi ya wataalamu mashaka. Walisema hapana, nakala safi namna hii lazima kuna watu waliikalia wakaihariri kule Aleksandria, wakaipiga pasi. Maana yake ni kwamba tunachokiona ni kazi ya wahariri wa karne ya 3 au ya 4, na kilichokuwa nyuma yao hatukijui.

Mwaka 1961 ikachapishwa hati iliyotoka Misri, wataalamu wanaiita P75. Ina sehemu kubwa ya Luka na ya Yohane, na kwa kawaida hutajwa kuwa ya mwanzo wa karne ya 3, yaani zaidi ya miaka 100 kabla ya ile ya Vatikano. Luka inaishia na Yohane inaanza kwenye ukurasa uleule. Martini akachukua upande wa Luka na kuulinganisha na nakala ya Vatikano. Kitabu chake kikatoka 1966. Alichokionyesha ni kwamba hati hizi mbili zinakaribiana mno, ilhali ya karne ya 4 haikunakiliwa kutoka kwa hii ya zamani. Zote mbili zina mzizi wa nyuma zaidi. Kwa hiyo usafi ule haukutengenezwa na wahariri wa baadaye. Kulikuwa na watu, tangu mapema kabisa, walionakili kwa uangalifu na kukabidhi walichopokea.

Kwa mtu anayesali na Luka kila siku, hilo ni jambo kubwa sana.

Halafu kuna hili, linanigusa kila nikilifikiria. P75 imeandikwa kwenye mafunjo, jamii ileile inayoota hapa pembeni ya ziwa letu, yale tunayosukia mikeka. Maji yetu yanatokea Jinja, yanakuwa mto Nile, yanateremka mpaka Misri. Na huko Misri ndiko watu walikojifunza kulipasua shina la funjo vipande vyembamba, kuvipanga tabaka mbili zikingamane, kuzigandamiza na kuzikausha hadi ziwe karatasi. Siku nilipolielewa hilo niliteremka hadi majini nikakata shina moja, nikalimenya ganda la kijani kwa kisu. Ndani ni jeupe, laini, limejaa maji kama muwa usio na sukari. Nikachana vipande, nikavipanga juu ya ubao, nikaweka jiwe. Baada ya siku chache nilikuwa na kitu kigumu chenye mistari, rangi ya majani makavu. Nikaandika juu yake kwa kalamu ya wino: *Hapo mwanzo kulikuwako Neno.* Ninacho hadi leo, kimo ndani ya Biblia yangu, kwenye Yohane 1.

Sasa yale mabano. P75 ikifika Yohane 5, malaika hayumo. Hayumo hata kwenye hati nyingine kongwe ya mafunjo, P66, wala kwenye nakala ya Vatikano, wala ile ya Sinai, nayo ya karne ya 4. Maelezo yale yanakuja kuonekana kwenye nakala za baadaye. Lakini mstari wa 7, mgonjwa anaposema hana mtu wa kumtia birikani maji yanapotibuliwa, huo umo kila mahali. Inavyoonekana, msomaji mmoja wa zamani aliukuta mstari wa 7, akajiuliza maji yanatibuliwa na nini, akaandika pembeni kile watu walichokuwa wakiamini. Pembeni kukaingia ndani.

Kwa hiyo swali la mzee, "haya kaweka nani?", lina jibu. Mabano yamewekwa na watafsiri ambao hawakutaka kumdanganya msomaji, na pia hawakutaka kumnyang'anya maneno ambayo Wakristo wameyasoma kwa karne nyingi.

#4 Mchangiaji, Sengerema

Mkuu, na huyo Kardinali anaingiaje kwenye Biblia yetu ya Kiswahili? Yeye Mwitalia, kasoma Luka ya Kigiriki, sisi tuko Buzuruga na Sengerema.

#5 Mwanzisha uzi

Swali zuri, ndugu yangu, na ndipo nilipokuwa naelekea.

Vyama vya Biblia duniani vilitaka watafsiri wote wawe na Agano Jipya moja la Kigiriki la kufanyia kazi, lililopimwa upya kutokana na hati zote zilizopatikana. Ikaundwa kamati, na Martini alipoongezwa ikawa na watu watano: Kurt Aland, Mjerumani, Matthew Black, Mskoti, Bruce Metzger na Allen Wikgren, Wamarekani, na Martini. Kati ya hao watano, Mkatoliki alikuwa yeye peke yake. Walikaa mezani wakajadili mahali pamoja baada ya pengine, na penye utata wakaweka herufi A, B, C au D kumwonyesha mtafsiri wana uhakika kiasi gani. Herufi hizo nazipenda sana. Ni watu waliobobea kabisa, na bado wanamwambia mtafsiri wazi: hapa tuna hakika, hapa tumepima tukaona hivi, hapa palitushinda kukata shauri kirahisi.

Hapo kabla, Mkatoliki na Mprotestanti walirushiana mistari kama mawe. Baada ya Mtaguso wa Pili wa Vatikano (ule mkutano mkuu wa maaskofu wa Kanisa Katoliki) kutoa hati yake juu ya Neno la Mungu, tarehe 18 Novemba 1965, na kuruhusu tafsiri zifanywe kwa ushirikiano na Wakristo wengine, kazi ya namna hii ikawa na baraka kamili. Ukiona leo Mkatoliki na Mlutheri wa Mwanza wanashika tafsiri moja ya Kiswahili, tofauti ikiwa vile vitabu vya deuterokanoni tu (vya Agano la Kale, ambavyo Biblia ya Kiprotestanti haina), ujue nyuma yake wapo watu waliokaa meza moja.

#6 Mchangiaji, Musoma

Samahani, mimi nitatofautiana na wengi. Huyu si ndiye aliyesema Kanisa limechelewa miaka 200? Kuna mambo yake mengi yaliwatatiza waamini. Tunamuenzi kwa lipi? Naheshimu usomi, ila usomi wa namna hii ndio unaowafanya vijana waanze kuhoji kila kitu, mwishoni hawasali.

#7 Mwanzisha uzi

Mkuu wa Musoma, nashukuru kwa kusema wazi.

Ndiyo, alisema hivyo, kwenye mahojiano yaliyochapishwa siku moja baada ya kifo chake. Nakushauri uyasome yote. Aliulizwa dawa ya uchovu wa Kanisa ni nini, akataja tatu: toba, Neno la Mungu, na sakramenti. Huo ni wosia wa mtu aliyekuwa anakufa, na sioni hapo kitu cha kumtoa mtu kwenye sala. Mengine aliyoyasema wakati wa uzee wake hata mimi mengine siyakubali, na sidhani kumuenzi mtu ni kumeza kila alichosema.

Kuhusu vijana kuhoji, tazama alichofanya yeye mwenyewe. Yohane Paulo II alimteua Askofu Mkuu wa Milano akitokea vitabuni: alikuwa amekuwa gambera, yaani mkuu, wa Taasisi ya Kipapa ya Biblia tangu 1969 hadi 1978, kisha akaongoza Chuo Kikuu cha Gregoriana. Hakuwahi kuwa hata paroko. Aliwekwa wakfu uaskofu tarehe 6 Januari 1980, sikukuu ya Epifania (sisi wa Mwanza, ambao kanisa letu kuu pale Bugando ni la Epifania, tuikumbuke hiyo tarehe). Februari akaingia Milano kwa miguu, akipita mitaani na kitabu cha Injili mkononi. Na mwaka huohuo akaanza kuwakusanya vijana ndani ya kanisa kuu, jioni moja kila mwezi, kusoma Biblia. Hapakuwa na kwaya kubwa wala mhubiri wa kupaza sauti. Alisoma andiko, akalifafanua kidogo, halafu akawaacha kimya. Kanisa kuu la Milano ni miongoni mwa makanisa makubwa kabisa duniani, na vijana walilijaza, wengine wakikaa sakafuni.

Italia ya miaka ile ilikuwa na damu. Vikundi vya kigaidi viliua mahakimu, walimu, polisi. Martini alikwenda magerezani kuwaona hata hao waliofanya mauaji. Juni 1984 mtu asiyejulikana akafika kwenye makazi yake na kuacha mabegi. Yalipofunguliwa, ndani zilikutwa silaha. Wenyewe wamechoka kuua, wakatafuta wa kumkabidhi bunduki, wakampata msomi wa mafunjo.

Ndiyo maana namuenzi.

#8 Mchangiaji, Bukoba

Kaka, hongera kwa uzi. Mimi ni WAWATA (Wanawake Wakatoliki Tanzania), hesabu za Kigiriki sina. Hebu tusaidie sisi wa kawaida: hao vijana aliwafundisha kusomaje? Huku kwetu tunazo hatua saba za kushirikishana Injili, lakini mara nyingi mtu mmoja anaongea, wengine tunasinzia.

#9 Mwanzisha uzi

Dada yangu, jibu ni kalamu.

Alifuata njia ya zamani ya watawa, lectio divina: kusoma, kutafakari, kusali, kukaa mbele za Mungu. Alipoeleza ile hatua ya kwanza alikuwa na ukali wa mtaalamu. Alitaka watu wasome wakiwa na kalamu mkononi, wapige mstari chini ya vitenzi, watazame nani anatenda na nani anatendewa, neno gani linarudiwa. Tafakari haianzi mpaka umeona andiko linasema nini. Sisi wengi tunaanza na "hapa Mungu anataka kutuambia", kabla hata ya kusoma mara ya pili.

Nunueni penseli kumi. Mpe kila mtu. Mwone kama kuna atakayesinzia.

#10 Mchangiaji, Bukumbi

Shikamooni wakubwa, wengine habari zenu. Nimesoma seminari ujanani, sasa ni mzee wa familia. Naongeza moja tu.

Birika hilo la Yohane 5 lipo. Liko Yerusalemu, kwenye uwanja wa kanisa la Mtakatifu Anna, na wanaolitunza ni Mapadri Weupe, Wamisionari wa Afrika, walewale waliofungua misheni hapa kwetu Bukumbi mwaka 1883. Walikabidhiwa mahali hapo mwaka 1878. Mwaka huohuo msafara wao wa kwanza uliondoka Bagamoyo kuja huku maziwani. Wachimbaji wamekuta mabirika mawili makubwa yenye ukuta katikati, kwa hiyo matao matano yanaeleweka: pande nne, na la tano juu ya ule ukuta wa kati. Zamani kuna waliosema matano hayo ni mfano tu. Mwambieni yule mzee wa Igombe kwamba malaika yuko kwenye mabano, lakini birika ni la mawe.

#11 Mwanzisha uzi

Marahaba, mzee wangu. Umenipa nguvu. Nimechelewa kurudi kwa sababu nilikuwa nangoja mbalamwezi nyingine.

Alhamisi tulikutana tena, safari hii nyumbani kwa mzee mwenyewe. Nilienda na penseli, na kile kipande changu cha mafunjo. Niliomba radhi kwanza kwamba siku ile nilijua nikanyamaza. Halafu nikaeleza yote, polepole, kama nilivyoeleza hapa: wanakili, maelezo ya pembeni, hati za Misri, yule kardinali. Kipande cha mafunjo kikapita mkono kwa mkono. Akina mama walikitambua kabla sijamaliza kusema.

Nikaeleza alivyoishia pia. Alistaafu mwaka 2002, akahamia Yerusalemu, akarudi kwenye sala na hati zake. Parkinson ikamrudisha Italia mwaka 2008, na mwishoni sauti ikawa karibu haipo kabisa. Akafariki Gallarate kwenye nyumba ya Wajesuiti. Wamemzika ndani ya kanisa kuu lilelile alilolijaza vijana, na maneno yaliyoandikwa kaburini ni ya Zaburi ya 119: *Neno lako ni taa ya miguu yangu, na mwanga wa njia yangu.* Wavuvi wakatazamana. Mmoja akasema, "Ya miguu. Hajasema ya ziwa lote."

Kisha tukasoma Yohane 5 kwa penseli. Mzee kusoma kunamsumbua, kwa hiyo yule binti alikaa pembeni yake akimsomea, naye anaelekeza wapi papigwe mstari. Tuliporudia mara ya tatu akamshika binti mkono, akasema, "Rudi hapo. Yesu alimbeba akampeleka majini?"

"Hapana, babu. Alimwambia inuka, ujitwike godoro lako, uende."

"Majini hakufika kabisa?"

"Hakufika."

Akakaa kimya muda mrefu. Nje mwezi ulikuwa mweupe hadi unaona kokoto. Marehemu mke wake alizikwa mita chache kutoka pale tulipoketi, kaburi limesakafiwa kwa simenti, na baadhi yetu tulikuwa tumeegemea huko. Mwisho akasema, "Basi alimfuata palepale alipolala," na akaomba tuimbe.

Malaika hakumtaja tena, wala mimi sikumuuliza.

Mwezi ujao tunaingia sura ya 6. Ameshauliza wale samaki wawili wa yule mtoto walikuwa samaki gani. Nimetafuta. Neno alilotumia Yohane, *opsarion*, kwa asili ni kitu kidogo cha kulia mkate, na kwa matumizi ni visamaki. Nilipompigia simu kumwambia, akaniitikia kabla sijamaliza: "Kitoweo hicho. Dagaa."